Jumapili 19 kwenye kabuti: chimbo langu la modeli za kuunganisha, Leicester

Watu kadhaa wameniuliza yale maboksi ya ndege na vifaru ninayouza mtandaoni, eBay, nayatoa wapi. Nayatoa shambani. Shamba kabisa, la majani, lenye kinyesi cha kondoo, dakika 25 kwa gari kutoka kwangu hapa Leicester. Kila Jumapili, Aprili mpaka mwisho wa Septemba, watu wanakuja kupanga magari yao mistari mistari, wanafungua mabuti na kuuza vilivyomo. Waingereza wanaliita gulio hilo kwa jina la buti la gari, na ukilitamka kwa ulimi wetu linatoka "kabuti". Shemeji yangu wa Mombasa alilicheka jina hilo njia nzima. Saa kumi na mbili asubuhi tukashuka garini, umande ukaingia mpaka kwenye soksi, akanyamaza. Kwa hiyo ushauri wa kwanza: nenda kabuti na kabuti.

Jina la shamba silitaji. Mliowahi kufanya biashara mnajua chimbo likishatangazwa linakuwaje wiki inayofuata.

Mimi kabla ya kuja huku niliuza viatu vya mtumba soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, miaka saba. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ni ili mjue naangalia kwa jicho gani. Modeli zenyewe sikuzijua. Ni plastiki zilizoshikana kwenye fremu, unakata kipande kimoja kimoja, unagundisha, unapaka rangi, inakuwa ndege ya vita au meli. Nilidhani ni michezo ya watoto mpaka nilipoanza kuuza. Ukiondoa wawili watatu, wateja wangu ni wazee, wa miaka hamsini hadi sabini. Wanatafuta boksi lilelile walilonunuliwa na baba zao, lenye mchoro uleule juu, na wakilipata hawaombi kupunguziwa.

Sasa shamba lenyewe. Kiingilio ni pauni 5 ukiingia kabla ya saa moja, baada ya hapo ni pauni 1. Lipa tano. Wachuuzi wazoefu wanakuwa wameshaingia na tochi za kichwani, wanachungulia kwenye mabuti kabla mwenye gari hajatandika meza. Mwezi wa kwanza mimi niliingia saa mbili kwa pauni yangu moja nikijiona mjanja, nikawa naokota makombo: jigsoo (picha za vipande vya kupanga), DVD, vikombe vya harusi ya mwana wa mfalme.

Faida kubwa ya mahali hapa kuliko machimbo mengine yote ni moja: unaruhusiwa kufungua. Karume hufungui belo kabla ya kulipa. Unanunua, unakata kamba, unamwachia Mungu. Maduka ya hisani ya hapa mjini, yanayouza vitu vilivyotolewa sadaka, nayo ni hivyohivyo, boksi limezungushiwa utepe wa gundi ili vipande visimwagike, na bei wameshaiangalia kwenye simu. Siku hizi ukiona Airfix, modeli za kampuni ya Kiingereza, kwenye duka la hisani, mara nyingi iko bei ya mtandaoni au juu yake. Mizigo ya jumla inayouzwa mtandaoni, boksi kumi kwa picha moja yenye giza, hiyo usiiguse. Ila shambani unasema, "Naweza kufungua, bwana?" na mzee anakujibu, "Fungua tu, bata." Ndiyo, bata. Watu wa Leicester wanaitana hivyo, mwanamume kwa mwanamke, usikasirike.

Ninachotafuta si kipya. Boksi jekundu la Airfix la kisasa, lenye herufi A na tarakimu tano, maduka ya mtandaoni yanalipunguza bei kila mara, kwa hiyo ukilinunua pauni 8 utaliuza pauni 9 na muda wako umekufa. Naenda kwenye vitu ambavyo havitoki tena, au vinatoka kwa sura nyingine. Matchbox za miaka ya 1970, zile ambazo plastiki yake ilikuwa ya rangi mbili au tatu ndani ya boksi moja ili mtoto asihitaji kupaka. Frog, kampuni iliyokufa miaka hiyohiyo, kalibu zake nyingi zikauzwa kwa Wasovieti na ndege zikaendelea kutoka kwa jina la Novo. Tamiya ya Kijapani, hiyo karibu yoyote. Airfix yenyewe ni ya tangu 1939, na tangu 2006 iko chini ya Hornby, wale wa treni za kuchezea. Ukikuta boksi la Airfix la kabla ya hapo, lenye pembe zilizonyooka, simama hapo.

Kukagua kwenyewe kunataka utulivu. Kwanza karatasi ya maelekezo, maana ndiyo inayokuambia fremu ni ngapi. Kisha vioo, yaani vipande vya plastiki angavu vya dirisha la rubani. Ni vidogo, vinapotea kwanza, na bila hivyo ndege haina soko. Kisha stika za maji, zile za alama za ndege unazolowesha ndipo zihamie kwenye plastiki. Zikiwa zimegeuka manjano si kifo, unazibandika dirishani zipigwe jua wiki kadhaa zinarudi nyeupe, ingawa kwa jua la huku wiki kadhaa zinaweza kuwa miezi. Kifaru kikiwa na minyororo ya mpira laini, angalia mpira ulipolalia. Ule mpira wa zamani unaila plastiki. Nilishafungua boksi zuri la kifaru, kila kitu kimo, nikainua mnyororo nikakuta umechora mashimo kwenye magurudumu kama mtu aliyeweka pasi ya moto juu ya sabuni. Vikopo vya rangi ya mafuta naviondoa hata kama ni vizima, ni vitu vinavyowaka na posta ya huku, Royal Mail, haivitaki.

Nikifika nyumbani narudia tena. Namwaga boksi kwenye sinia la pilau, mke wangu ameshalisamehe sinia hilo, na nahesabu namba kwa namba chini ya taa. Boksi dogo ni dakika kumi. Kubwa limenichukua jioni nzima na bado nikakosa tairi moja la nyuma, likapatikana ndani ya kiatu cha mwanangu.

Na bado nimepigwa. Mwezi wa Juni nilikuta ndege ya Mosquito ya Airfix ya kipimo cha 1:24, yaani ndogo mara 24 kuliko ndege halisi, boksi kama sanduku la safari, mpya yake inapita pauni mia. Muuzaji alitaka 60, tukafika 40. Lilikuwa limefungwa utepe wa gundi pande zote nne, akasema alilifunga yeye kwa sababu ya wajukuu. Nikaona aibu kumwambia akate utepe, watu wamejipanga nyuma yangu, shemeji ananivuta kwenye jaketi. Nyumbani nikakuta fremu mbili hazimo, na injini moja imeshagundishwa kinyumenyume na mtu mwenye gundi nyingi kuliko akili. Nilibeba mbuzi kwenye gunia, tena gunia nimelibeba begani mwenyewe nikicheka. Nilikiuza kilichobaki kama vipuri kwa pauni 18. Pauni 22 zimekwenda, na mtu aliyeuza viatu Karume miaka saba hakuwa na sababu ya kuona aibu.

Kuhusu kuuza niseme kidogo tu, maana hapa watu wanapotoshana. Utasikia kwamba eBay ya Uingereza hawakati ada kwa muuzaji binafsi tangu Oktoba 2024. Ni kweli, lakini muuzaji binafsi ni yule anayetoa vitu vyake kabatini. Ukinunua ili uuze, wewe ni mfanyabiashara, wanataka ufungue akaunti ya biashara, na hapo ada ipo: kwangu, ukijumlisha vijiada vidogo, inapita sehemu moja ya kumi. Mteja naye ana siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu. Na mamlaka ya kodi, HMRC, wanaangalia mauzo ya jumla na si faida: yakipita pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi unajisajili. Mimi nimejisajili. Nimeona watu wakibishana na serikali kwa ajili ya pauni mia mbili, sina nguvu hizo. Upande wa posta, jifunze kipimo cha sentimeta 45 kwa 35 kwa 16. Boksi likiingia humo ni kifurushi kidogo. Likizidi kidole kimoja, mteja anaona nauli na kukimbia.

Hesabu yangu ya msimu wa 2025, Jumapili 19: manunuzi pauni 538. Mafuta na viingilio 190. Ada 175. Maboksi ya kufungia na utepe wa gundi 60. Mauzo, ukiacha nauli ya posta inayolipwa na mteja, 1,460. Iliyobaki ni 497, yaani kama pauni 26 kwa Jumapili. Kima cha chini cha mshahara tangu Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na mimi nakaa shambani saa nne, bado sijahesabu jioni za sinia. Kuna kijana TikTok anayesema ameacha kazi ili auze modeli; mwacheni aendelee kusema.

Katika hizo 19, Jumapili moja peke yake ilibeba karibu robo ya mauzo. Ilikuwa Agosti. Bibi mmoja alikuwa na kiti cha kukunja, chupa ya chai na maboksi 22 yaliyopangwa kwa ukubwa, ya marehemu mumewe. Pauni 2 kila moja, chagua. Nikafungua la kwanza, mifuko ya ndani haijapasuliwa. La pili hivyohivyo. Mzee alikuwa ananunua bila kuunganisha, na ndani ya kila boksi ameweka kikaratasi chenye tarehe na duka alilonunua, mwandiko mdogo wa penseli. Zilikuwemo Frog tatu. Shemeji akaniambia kwa Kiswahili, bila kugeuza uso, "Usihesabu, beba." Nikalipa 44, bibi akanisaidia hata na mifuko.

Usiku ule, baada ya kuziangalia bei, sikulala vizuri. Jumapili iliyofuata nilikwenda na noti ya pauni 20 kwenye mfuko wa shati, ya kumwongezea yule bibi. Hakuja. Msimu ukaisha hajaja. Shemeji anasema biashara ni mapatano na yeye alitaja bei mwenyewe. Sawa. Noti nimeshaitumia kwenye petroli.

Katika yale 22, 21 yameuzwa. Moja liko juu ya kabati. Ni Airfix ya kipimo cha 1:144, ndege ya abiria ya Super VC10, rangi za BOAC, shirika la ndege la Uingereza la zamani. Nilipolitoa kwenye mfuko nililipiga picha nikamtumia mzee wangu, yuko Tanga, na nikampigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo ndege umeitoa wapi?"

"Nimeinunua, ni ya kuunganisha, ya plastiki."

"Hiyo ni VC10. Lakini rangi siyo. Ya kwetu haikuwa hivyo."

Ya kwetu, anasema, kama alikuwa na hisa. Alikuwa mpagazi wa mizigo uwanja wa ndege Dar es Salaam enzi za East African Airways. Shirika lile lilikuwa na Super VC10 tano. Moja ilianguka Addis Ababa mwaka 1972. Nne zilizobaki, shirika lilipovunjika 1977, zilirudi hapa Uingereza, jeshi la anga likazigeuza matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani, zikafanya kazi hiyo mpaka 2013. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akauliza kama bado zina viti. Nikamwambia sidhani. Wapo mafundi huku wanaochapa stika za mashirika yaliyokufa, natafuta za East African kwa kipimo hicho. Boksi linaweza kuniletea pauni 20. Haliuzwi, msinitumie ujumbe.

Narudi shambani, maana ndilo nililokuja kulipima. Maegesho ni ya kutosha, ila mvua ikinyesha gari dogo linanasa na trekta ya kukuvuta ni pauni 10. Chipsi zao ni nzuri, chai yao ni maji ya moto yaliyopitiwa na majani. Beba sarafu, wazee wengi hawana mashine ya kadi na noti ya 50 wataigeuzageuza mpaka uione aibu. Wauzaji ni waungwana, na katika Jumapili 19 sijaulizwa hata mara moja nimetoka wapi kwa ile sauti mnayoijua. Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeikata kwa sababu ya vyoo, viko vinne vya plastiki kwa shamba zima, na ikifika saa tatu ni bora ushike njia urudi nyumbani.