Daraja la pili la meno yangu: nyota nne kati ya tano

Mimi ni fundi wa magari, gereji yangu iko Gerezani. Miaka 31 nalala chini ya magari ya watu, kwa hiyo nikisema kitu kimelegea, jua nimekishika kwa mkono. Naandika kuhusu meno kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza nimefanyia wapi na ni ya aina gani. Wapi, nitakuambia ukija gereji. Hapa naeleza aina, maana ndiyo iliyonigharimu.

Meno yote ya chini yaliniisha kwa ugonjwa wa fizi na uzembe wangu mwenyewe. Ya juu yapo. Nilivaa meno ya bandia ya kuvua kwa miaka mitatu, yakawa yanacheza mdomoni kama sahani ya plastiki kwenye maji. Nikauza Noah yangu, nikaenda kwenye kliniki moja hapa Dar es Salaam. Wakanipandikiza vijiti vinne vya titaniamu kwenye taya la chini, na mfupa uliposhika wakafunga juu yake daraja la meno kumi na mawili kwa skrubu. Vile vijiti havikuwa na kosa na bado ninavyo. Titaniamu na mfupa vinaelewana. Yule daktari Mswidi Brånemark, mwanzilishi wa kazi hii, alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, kwa hiyo hapo hakuna majaribio.

Kosa lilikuwa juu. Daraja lote lilikuwa akriliki tupu, yaani plastiki, bila chuma ndani. Nikaambiwa, "Mzee, hii ni laini, inapunguza mshtuko usifike kwenye mfupa." Hapo walinipata. Fundi ukimwambia laini inapunguza mshtuko, anaona bushi na shokapu, anatia sahihi.

Mwezi wa nne skrubu ya nyuma kulia ikalegea. Nilihisi kwa ulimi kabla ya kuhisi kwa kitu kingine chochote. Wakaikaza kwa bisibisi ya vidole, dakika tano, kwaheri. Mwezi wa sita ikalegea tena, ileile. Mwezi wa tisa niko kwa mama ntilie nakula mhogo wa kuchemsha, tena ulioiva vizuri, nikasikia "ka!" Kipande cha nyuma chenye meno mawili kikabaki kwenye mhogo. Nikakiosha kwa maji ya kunawa, nikakiangalia juani. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye tundu la skrubu ya mwisho, ukaenda chini moja kwa moja. Chesisi za Fuso nyingi nimeziona zimepasuka hivyohivyo, ufa unaanzia pale bolti inapopita.

Kliniki ya pili daktari ni binti mdogo, angekuwa mwanangu wa tatu. "Shikamoo mzee, hebu nione hicho kipande." Sikutegemea mengi. Lakini alipojua kazi yangu aliacha lugha ya hospitali. Akaniambia jino la asili lina bushi yake, kuna nyuzi laini kati ya mzizi na mfupa, ukiuma linazama kidogo na kukupa taarifa. Kipandikizi, yaani kile kijiti cha titaniamu, hakina bushi, kimefungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Nikamrukia: basi si ndiyo maana tuweke kitu laini juu?

Hakunibishia. Alichukua sponji ya kuoshea vyombo, akapanga vizibo vinne vya soda juu yake, akalaza rula ya plastiki. "Bonyeza hapo mwisho." Nikabonyeza. Rula ikapinda, kizibo cha mwisho kikazama peke yake, wenzake hawana habari. Akaweka rula ya chuma. Nikabonyeza palepale. Cha mwisho kikazama kidogo tu, jirani yake naye akashuka, wa mbali kabisa akawa anataka kuinuka. Yaani mzigo umegawanywa. Kisha akaisogeza rula ya chuma itokeze zaidi nje ya kizibo cha mwisho, nikabonyeza ncha, rula nzima ikapinduka. "Ndiyo maana mkia wa nyuma nitaufupisha," akasema, yaani ile sehemu ya daraja inayotokeza nyuma ya kijiti cha mwisho. Daraja langu la kwanza lilikuwa na mkia wa meno mawili kila upande. La sasa lina mkia wa jino moja, na sijaona pengo lake kwenye sahani ya ubwabwa.

Nyuma ya karatasi ya dawa aliniandikia ugumu wa kila kitu, yaani kinavyokataa kupinda, kwa kipimo cha gigapaskali: akriliki kama 3, mfupa mgumu wa taya kama 15, titaniamu 110, zirkonia, ile kauri nyeupe ya meno, 200 na kitu. Akanionya nisidhani kwamba ukibadilisha daraja mfupa nao unapata nafuu kubwa. Huko chini tofauti ni ndogo. Kinachobadilika sana ni hali ya daraja lenyewe na skrubu zake. Laini ikipinda kila unapotafuna, skrubu ya jirani ndiyo inayovutwa na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa. Nati yoyote ukiifanyia hivyo italegea, hata ukiikaza kwa bomba.

Nilipewa chaguo mbili: fremu ya titaniamu yenye meno ya akriliki juu yake, au zirkonia nzima. Zirkonia ni nzuri kwa macho, haishiki rangi ya chai, haiishi haraka. Lakini ikipasuka haizibwi, inatengenezwa upya. Halafu kuna kelele. Jirani yangu ana zirkonia juu na chini, akitafuna karanga utadhani kuna mtu anaosha vikombe. Nikachukua titaniamu na akriliki. Ugumu unakaa kwenye fremu, meno ya juu yake yakivunjika yanabadilishwa kama pedi za breki.

Sasa kitu kilichonifanya nimwamini. Fremu ilipotoka maabara, aliiweka mdomoni akafunga skrubu moja tu ya nyuma kushoto, akaniambia nitulie, akaangalia upande wa kulia kwa kioo. Ikawa imenyanyuka. Mimi sikuona kitu, yeye akaona. "Hairuhusiwi," akasema, akaifungua na kuirudisha. Silinda hedi iliyopinda unaweza kuilazimisha ikae kwa kukaza bolti zote, itakaa, ila umeishaiwekea mvutano kabla injini haijawaka. Kwenye gari itakula gasketi. Mdomoni itakula skrubu, au mfupa. Wangapi wangekaza tu na kukutakia siku njema?

Fremu ya pili ilikaa. Akatoa spana ndogo ya kupima nguvu, nikacheka kwa furaha kitini. Zile skrubu ndogo hukazwa nyutoni-sentimita 15. Nati ya tairi la Noah inakazwa nyutoni-mita 103, karibu mara 700 ya hiyo. Akakaza, akasubiri dakika kumi, akakaza tena kwa kipimo kilekile, na baadhi zikasogea kidogo. Kule kwa kwanza walitumia vidole.

Nyota iliyopungua inatokana na mambo haya. Kusubiri maabara kulichukua wiki saba kwa sababu ya ile fremu iliyorudishwa, nikawa nakula uji na ndizi za kuponda. Miadi ya saa tatu unaonwa saa tano. Meno ya akriliki yameanza kulika. Ni mwaka wa pili na vilele vya magego vimeshakuwa bapa, kwa sababu nasaga meno usingizini. Nimetengenezewa kifuniko cha plastiki cha kuvaa usiku, na kililipiwa pembeni bila kuambiwa mapema. Hilo lilinikera. Na chini ya daraja chakula kinaingia, hasa nyuzi za nyama, kwa hiyo usipopiga uzi na brashi ndogo kila jioni utanuka mwenyewe ujisikie.

Skrubu hazijalegea hata mara moja. Kile kipande cha zamani nimekitundika gereji kwa waya, karibu na bushi za Corolla zilizochakaa, na wateja wakiuliza naanza na sponji na vizibo. Muwa bado sijagusa. Mjukuu ananikatia vipande, navinyonya.