Oti za Kawaida kwa Kifungua Kinywa: Uzoefu Wangu Hapa Jinja

Siku za kazi mimi hula oti za kawaida asubuhi, yaani zile punje za nafaka (oats) zilizobanwa zikawa bapa na kufungwa kwenye pakiti bila sukari, bila maziwa ya unga na bila ladha ya kuongezwa. Ninaandika maoni haya kwa sababu ninawaona wenzangu wengi wakinunua pakiti, wakipika mara moja kwa kufuata maandishi ya ubavuni mwake, wakipata rojo lisilo na ladha, kisha wakiiacha kabatini hadi iingie wadudu. Bidhaa yenyewe ni nzuri sana, ila maelekezo yanayoandamana nayo hayakuandikwa kwa ajili ya majiko yetu wala kwa vyakula tulivyo navyo Uganda.

Kabla ya kufika dukani, punje ya oti huondolewa ganda, hupikwa kwa mvuke, kisha hupitishwa kati ya rola nzito zinazoifanya iwe bapa. Mvuke huo huilainisha punje na pia huvizima vimeng'enya ambavyo vingeyachachusha mafuta yake mapema, na ndiyo sababu oti huiva kwa dakika chache wakati mahindi makavu hutaka saa nzima na zaidi. Madukani hupatikana za vipande vinene na za vipande vidogo vilivyokatwakatwa na kubanwa zaidi. Mimi huchukua zile nene, kwa kuwa hubaki na kitu cha kutafuna, na kwa kuwa kadiri punje inavyovunjwavunjwa ndivyo wanga wake unavyopanda haraka katika damu kama sukari. Vipakiti vyenye ladha ya matunda sivinunui kabisa, maana ukisoma orodha ya viungo vyake utaikuta sukari karibu na mwanzo.

Kwa mtu mmoja hupima nusu kikombe cha oti, ambacho ni takriban gramu 40, pamoja na kikombe kimoja na robo cha maji na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi hiyo ni ndogo lakini msiiache, kwa sababu bila yake hata ndizi tamu haiwezi kuufanya uji huo uwe na ladha kamili. Anayependa uji laini na mzito aziweke oti katika maji baridi tangu mwanzo, na anayetaka vipande vibaki vimejitenga asubiri maji yachemke kwanza. Sufuria iwe kubwa kuliko unavyodhani inahitajika, kwa maana mara tu mchanganyiko unapochemka, povu jeupe hupanda ghafla na kumwagikia jikoni. Hapo hupunguza moto na kukoroga taratibu nikipitisha mwiko chini kabisa. Mwanzoni maji huchezacheza juu ya oti, kisha viputo huwa vizito na kupasuka polepole, na mwishowe mwiko ukipita huacha njia inayoonekana chini ya sufuria kwa sekunde moja kabla ya kujifunga. Nikiiona njia hiyo huepua, hufunika, na kuacha dakika mbili au tatu, kwani uji huendelea kuwa mzito hata nje ya moto. Maziwa huyatia mwishoni, yakiwa yamekwisha kuchemshwa, kwa sababu yakitiwa mapema hushika chini na kuungua.

Kuhusu muda, pakiti ninayonunua husema dakika tano, lakini kwangu hufika saba. Sababu yake ni mwinuko: Jinja iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, hivyo oti huchelewa kuiva. Walioko Kabale, ambako mwinuko ni karibu mita 2,000, wasishangae wakilazimika kungoja zaidi.

Jiko nalo lina hukumu yake. Mwenye gesi hana tatizo, ila kuwasha makaa alfajiri kwa ajili ya bakuli moja ni kupoteza makaa na muda, na katika hali hiyo neno haraka halina maana tena. Ninapotumia makaa hutumia chupa ya chai yenye mdomo mpana: maji yaliyochemka kwa ajili ya chai huyamimina juu ya oti na chumvi, hufunga vizuri, kisha ninakwenda kuoga na kuvaa. Baada ya nusu saa zimeiva bila kuguswa. Njia nyingine ni kuziloweka usiku, na asubuhi dakika mbili au tatu za moto hutosha.

Ladha huipata kwa vyakula vya hapa hapa. Ndizi sukari mbili, zile fupi zenye ganda jembamba, zikiwa zimeiva sana, hupondwa kwa uma na kuchanganywa ndani uji ukiwa bado wa moto, na hapo haja ya sukari ya mezani huisha. Kijiko cha karanga zilizosagwa, au karanga na simsim kama wanavyosaga ndugu zetu wa kaskazini, huongeza protini na mafuta, na humfanya mtu afike saa sita mchana bila kutafuta chapati njiani. Hajati, jirani yetu ambaye amepikia watu uji maisha yake yote, alionja uliopikwa kwa maji matupu akaniambia, "Mwanangu, huu ni wa mgonjwa." Nilipomwekea karanga na ndizi alimaliza bakuli, akaniuliza pakiti inauzwa wapi.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba oti zimeushinda uji wa wimbi, yaani ulezi. Wimbi lina kalisi nyingi mara kadhaa kuliko oti, linalimwa nchini, na bei yake kwa kilo ni nafuu kuliko ya bidhaa hii inayotoka nje. Oti zina protini zaidi, kama gramu 13 katika kila gramu 100, na zina aina ya nyuzinyuzi iitwayo betaglukani, ambayo hugeuka utelezi tumboni na kusaidia kupunguza lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu. Kiasi kinachotajwa ni gramu 3 za betaglukani kwa siku, na Marekani iliruhusu manufaa hayo yatajwe kwenye pakiti mwaka 1997. Bakuli langu la gramu 40 hutoa takriban nusu ya kiasi hicho, kwa hiyo msitegemee miujiza kutoka kwenye kijiko kimoja. Nyumbani kwetu wimbi limebaki kuwa uji wa jioni na wa watoto, na oti ni za asubuhi zenye haraka.

Kilo moja hutoa mabakuli 25, jambo linaloifanya bei ivumilike, mradi oti ziwe nzima. Duka moja liliwahi kuniuzia oti za kupimwa kutoka kwenye gunia lililokuwa wazi, nazo zilinuka kama mafuta ya zamani na kuacha uchungu kooni, na mwenye duka alikataa kuzipokea nilipozirudisha. Tangu hapo hununua pakiti iliyofungwa yenye tarehe inayosomeka, nusu kilo kwa mara moja, na nikiifungua huimimina katika kopo lenye kifuniko kinachobana, kwa sababu unyevu wa huku ziwani hauzipi nafasi oti zilizoachwa wazi.