Uzoefu wangu: cheti cha kiwanda na gia boksi ya Jaguar E-Type

Kabla ya kununua E-Type 3.8 (gari la michezo lenye injini ya lita 3.8) ya mwaka 1963, nilimwomba muuzaji atume maombi ya cheti kwa Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi ya Uingereza inayotunza rejesta za kiwanda. Maombi ni ya mwenye gari, kwa hiyo mnunuzi hana budi kupitia kwa muuzaji. Akikataa bila sababu ya maana, mimi huyo siendelei naye.

Cheti kilionyesha namba ya chasisi, ya injini, ya bodi na ya gia boksi. Namba hizohizo nne zimo kwenye kibati kilicho chini ya boneti, na wauzaji wengi hukuonyesha hicho tu. Mimi sikihesabu kuwa ushahidi, maana vibati vipya vinauzwa na mtu hugonga humo namba aitakayo. Rejesta iliandikwa gari likiwa jipya. Kwa hilo pekee huduma hii naisifu sana.

Hata hivyo, cheti hukwambia gia boksi gani ilifungwa kiwandani, hakikwambii iliyopo leo. Hilo utalijua gari likinyanyuliwa. Namba imegongwa kwenye kasha la gia boksi lenyewe, upande wa kushoto kwa nyuma, na mara nyingi imefunikwa na grisi na matope. Mwambie fundi atumie mafuta ya taa na kitambaa, asithubutu kupiga msasa, atafuta kilekile mnachokitafuta. Namba nyingine iko kwenye kifuniko cha juu, ambacho unakifikia kwa ndani baada ya kufungua paneli za katikati ya viti.

Wengi huishia kwenye kifuniko. Kifuniko kinashikwa na bolti, kinaweza kuhamishwa! Kwenye gari hili namba ya kifuniko ililingana na cheti, lakini ya kasha ilianza na EB kama inavyotakiwa kwa 3.8, kisha tarakimu zikawa za gari jingine. Sidhani kama kulikuwa na udanganyifu. Kasha likipasuka, fundi hutafuta jingine na kurudisha kifuniko cha zamani. Ila bei niliyotajiwa ilikuwa ya gari lenye namba zote za awali, basi tukaizungumza upya ikashuka, nikalichukua.

Ukiwa bado unasubiri cheti, liendeshe. Gia ya kwanza ya 3.8 haina sinkromeshi (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruza), na ikiingia huvuma. Toleo la 4.2, lililotoka Oktoba 1964, lina sinkromeshi kwenye gia zote nne za mbele, na namba za gia boksi za magari yake ya mwanzo huanza na EJ. Kwa hiyo 3.8 inayopokea gia ya kwanza kimyakimya huku gari likitembea yaelekea imeshabadilishiwa gia boksi.

Picha za namba ya kasha na ya kifuniko nimeziweka pamoja na cheti. Atakayelinunua gari hili kwangu nitamwonyesha zote kabla hajauliza.