Synology DS224+ kwenye nyumba ya mawe: uzoefu wangu wa miezi minane

Kuta za nyumba yetu hapa Malindi, Unguja, ni za mawe na chokaa, nene hata mtoto hukaa ndani ya dirisha akadurusu. Naanza na ukuta kwa sababu ndio ulionisumbua, si kisanduku chenyewe cha kuhifadhia mafaili.

Marehemu baba alituachia kaseti nyingi za taarab, nyingine alizirekodi mwenyewe ukumbini. Kaka yangu alianza kuzihamishia kwenye kompyuta, tukaziweka pamoja na video za harusi na picha za watoto kwenye diski moja ya nje, inayozungushwa vyumba vyote. Siku moja ikaanguka sakafuni. Ikawa inagonga ndani, tak, tak, tak. Tuliokoa sehemu kubwa, lakini siku ya kuingia bwana harusi wa dada hatunayo tena, na mama mpaka leo huiulizia.

Hapo ndipo nilipoamua kununua DS224+, kisanduku cha diski mbili kinachokaa kwenye mtandao wa nyumbani. Nimekitia diski mbili za TB 4, na kila faili huandikwa kwenye zote mbili: moja ikifa, nyingine inaendelea. Kwa hiyo nafasi unayopata ni ya diski moja, na kwenye skrini utaona kama TB 3.6. Usishtuke, ni namna tu ya kuhesabu. Ila diski pacha si akiba. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, imefutika kotekote. Nakala yetu ya tatu ipo kwa dada, Chake Chake, na kila tukienda Pemba kwa Idi tunachukua diski mkononi kwenda kuongeza yaliyo mapya.

Sasa ukuta. Ruta ilikuwa chini, runinga ghorofa ya pili. Wai-fai ya 5 GHz haikufika kabisa. Ile ya 2.4 GHz ilifika imechoka, picha ikawa inakwama kila baada ya dakika mbili. Nilidhani kisanduku kibovu, kumbe mawimbi ndiyo yaliyozuiwa na mawe. Fundi akataka kutoboa. Mama akakataa, na alikuwa na haki: chokaa ya zamani ukiigusa vibaya inaporomoka, ukaja kuijutia mvua za masika. Tukapitisha waya wa mtandao wa Cat 6 kwenye uwazi wa ngazi, ukafuata boriti mpaka juu. Waya huu unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na sisi tumetumia 22 tu. Tangu siku hiyo picha haijakwama hata mara moja. Kama una pesa ya kitu kimoja tu cha ziada, nunua waya.

Kwa kutazamia tunatumia Jellyfin, programu ya bure kabisa. Video Station, programu ya kutazamia ya Synology wenyewe, iliondolewa kuanzia toleo la 7.2.2 la DSM, mfumo unaoendesha kisanduku, mwaka 2024, kwa hiyo usiitafute. Jellyfin nimeiweka kupitia Container Manager, programu ya Synology ya kuendeshea programu za nje ndani ya kisanduku, kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye subira. Filamu ziandike jina na mwaka ili izitambue. Video za harusi na picha zipe maktaba yake peke yake, la sivyo itazitafutia majina ya filamu za watu.

Runinga yetu ni ya zamani, haifungui video za H.265, namna mpya zaidi ya kubana video. Kisanduku huzigeuza papo hapo, kwa kuwa prosesa yake, Celeron J4125, ina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Lazima uiwashe kwenye mipangilio ya Jellyfin. Usipoiwasha, prosesa inahangaika na picha inakatika.

Jirani aliniuliza tunatumia bando la GB ngapi kwa mwezi. Halitumiki! Faili linatoka chini kwenda juu ndani ya nyumba yetu wenyewe, hata intaneti ikiwa imekwisha. Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, watoto walikuwa chumbani na katuni zao, sisi sebuleni na harusi za miaka ya nyuma, na hapakuwa na aliyeuliza vocha.

Umeme ukikatika, UPS, yaani betri ya kushikilia umeme, inakiarifu kisanduku kwa waya wa USB, nacho hujizima kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Usikiendeshe bila UPS. Na kiweke mbali na dirisha la upande wa bahari, maana chumvi haichagui.

Kisanduku, diski mbili na UPS vimenitoka karibu shilingi milioni mbili, si pesa ndogo. Lakini juzi mama alifungua kaseti namba 14 kwenye simu yake, na kabla ya fidla kuingia ikasikika sauti ya baba: "Haya, anzeni." Ameirudia mara tatu.

Nafasi iliyobaki inazidi TB 2, na kaseti ambazo hazijahamishwa hazifiki 40. Tunachotafuta sasa ni redio-kaseti nzima isiyokula utepe.