Uzoefu wangu: utafutaji wa vifurushi unaoheshimu jina kamili

Saraka ya vifurushi vya programu (msimbo ulioandikwa na wengine, unaousakinisha na kuutumia) ninayoitegemea kazini imebadilisha namna inavyopanga matokeo ya utafutaji. Sasa nikiandika jina kamili la kifurushi, kifurushi hicho ndicho kinachokaa mstari wa kwanza. Hakuna kingine walichoongeza kwenye saraka hii ambacho kimenipunguzia kero kiasi hiki.

Hapo awali kutafuta kifurushi kidogo ambacho jina lake ni neno la kawaida, mfano "parse" au "queue", kulichosha. Juu kabisa zilijaa programu-jalizi, nakala zilizofanyiwa marekebisho na vifurushi vikubwa vinavyolitaja neno hilo ndani ya maelezo yao. Kile nilichokitaka kilikuwa ukurasa wa pili au wa tatu, kwa hiyo nilizoea kuandika anwani yake moja kwa moja kwenye kivinjari na kukiacha kisanduku cha kutafutia.

Chanzo chake kinaeleweka. Injini nyingi za utafutaji hutoa alama kwa kanuni ya BM25, ambayo Elasticsearch, programu ya utafutaji, imeifanya chaguo-msingi tangu toleo la 5.0. Kanuni hiyo huangalia neno limejitokeza mara ngapi katika andiko, ni adimu kiasi gani katika mkusanyiko mzima, na andiko lenyewe lina urefu gani. Kwa makala inafaa sana. Tatizo ni kwamba haijui kuwa jina la kifurushi ni kitambulisho, kitu kilekile utakachokiandika kwenye amri ya kusakinisha. Kifurushi kinacholirudia neno kwenye jina, maelezo na maneno-msingi kinajikusanyia alama, huku chenye jina lenyewe na maelezo ya sentensi moja kikibaki nyuma. Ukiongezea uzito wa idadi ya upakuaji, vikubwa vinazidi kupanda. Tena jina lenye kistari mara nyingi hukatwa vipande: node-fetch linageuka "node" na "fetch", na kila kifurushi chenye "node" kinapata nafasi ya kujitokeza.

Dawa yake wala si ngumu. Jina linahifadhiwa pia likiwa zima, bila kukatwa, kisha linalolingana na alichoandika mtumiaji linapandishwa juu kabla alama nyingine hazijaangaliwa. Ndivyo inavyofanya crates.io, saraka ya lugha ya Rust. Ukurasa wa packages.debian.org, wa vifurushi vya mfumo wa Debian Linux, unakwenda mbele zaidi: unayagawa matokeo, yanayolingana kabisa yakiwa na sehemu yao juu na mengine chini yake. Binafsi napenda zaidi mtindo huo wa Debian, maana mtumiaji anaona mara moja kwa nini kifurushi fulani kimetangulia.

Kilichonifurahisha hasa ni jinsi wasimamizi wa saraka yangu walivyoamua "kulingana" ni nini. Kwenye PyPI, saraka ya lugha ya Python, kwa kufuata PEP 503 (waraka wa kanuni za Python), herufi kubwa na ndogo huhesabiwa sawa, na kistari, kistari cha chini na nukta vyote huchukuliwa kuwa kitu kimoja; hivyo Flask_Login na flask-login ni jina moja. Saraka ninayoizungumzia inafanya hivyohivyo kwenye utafutaji. Bila hilo kazi yote ingepotea, kwa sababu watu hawakumbuki alama ya katikati.

Kuna suala la usalama pia, nami nalipa uzito. Mwaka 2017 kwenye npm, saraka ya JavaScript, kiligunduliwa kifurushi crossenv kilichojifananisha na cross-env ili kuiba vigeu vya mazingira (mipangilio ya kompyuta ambayo huweza kubeba nywila) vya waliokisakinisha. Mwaka 2019 kwenye PyPI kikaondolewa jeIlyfish, mwigo wa jellyfish, chenye I kubwa mahali pa l ya kwanza, kilichoiba funguo za SSH na GPG, yaani funguo za siri za kuingilia kompyuta nyingine na za kusimba au kusaini data. Aliyeandika jina sahihi anastahili kuonyeshwa kifurushi halisi kwanza. Aliyekosea herufi hasaidiwi na mpangilio huu peke yake. Yeye anahitaji onyo, na kwenye saraka yangu bado halipo.

Upungufu mwingine unawagusa zaidi wanaoanza. Jina unaloliita ndani ya msimbo si lazima liwe jina la kifurushi. Katika Python unaita cv2 lakini unasakinisha opencv-python; unaita yaml, kifurushi ni PyYAML; unaita PIL, kifurushi ni Pillow. Na sklearn iliyopo PyPI imeachwa, inakuelekeza kwenye scikit-learn. Kukiweka kifurushi kilichoachwa mstari wa kwanza bila alama yoyote ni kumpoteza mtu. Ningependa neno "kimeachwa" lionekane palepale kwenye matokeo, pamoja na kiungo cha kinachotumika sasa, badala ya kusubiri mtu afungue ukurasa.

Kwa jumla naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naishikilia kwa sababu ukichagua kupanga matokeo kwa idadi ya upakuaji, jina kamili linazama tena kama zamani. Nimewaandikia wasimamizi nikipendekeza libaki juu, ndani ya kisanduku chake, hata mtumiaji akibadili mpangilio wa yale mengine.