Gereji ya vigae walitaka kuniuzia turbo, kumbe valvu ya baipasi

"Hapa hatunyonyi mipira mama, hapa tunatumia kompyuta, ukitaka fundi wa kunyonya kawatafute chini ya mwarobaini." Nimeambiwa hivyo mbele ya wateja wengine, na mwenye gereji mwenyewe, kwenye gereji moja hapa Dodoma yenye vigae vyeupe na sofa ya kusubiria, vijana wake wakacheka. Jina naliacha maana sitaki kesi, ila hasira ninayo.

Iko hivi. Nina Forester ya turbo (ile feni inayoshindilia upepo kwenye injini), gari ya zamani lakini naitunza, na hapa sina ugomvi na gari, mpira wowote ukikaa miaka yote hiyo kwenye joto la injini utachoka tu. Ikaanza uvivu. Ukitembea taratibu mjini hugundui kitu, shida inakuja ukikanyaga mafuta, turbo inaanza kuvuta halafu unasikia ssss kwenye boneti na nguvu inakata. Ukiachia mafuta ghafla inalia chu-chu-chu-chu. Nilipoenda Iringa ndo nikanyooka, ukishavuka Mtera unaanza kuupanda ule mlima Nyang'oro, Noah imejaza watu mpaka mlangoni ikanipita na dereva akanipigia honi ya pole. Forester ya turbo jamani, inapewa pole na Noah!

Basi kule kwenye vigae wakachomeka mashine yao, hakuna kosa lolote lililoandikwa, na taa ya cheki injini wala haijawahi kuwaka. Bwana mkubwa akaguna akasema turbo imekufa, andaa milioni moja na laki nane. Umejuaje? Hajafungua hata kilipu moja, hajatikisa hata shafti ya hiyo turbo aone kama inacheza. Nikauliza kwa adabu kabisa, samahani kaka, ile valvu ya baipasi pale juu ya intakula (kile kinachopoza upepo wa turbo) mmeipima, si kuna ule mpira mdogo mtu akiunyonya anajua kama ni nzima? Ndo nikapewa jibu hilo la mwarobaini.

Na jibu lenyewe ni la ovyo kwa sababu ile valvu ya kwangu HAINA WAYA. Inaendeshwa na hewa tu, ndani ina kampira kembamba kama utando na springi. Ukiachia mafuta mlango wa hewa wa injini unafunga, huko nyuma ya mlango kunabaki mvuto, ule mvuto unapita kwenye mpira mdogo unaifungua valvu, na upepo ulioshindiliwa unarudishwa mwanzo kabisa kabla ya turbo, la sivyo unagonga mlango uliofungwa na kurudi kuipiga feni ya turbo, ndo ile chu-chu-chu. Ukikanyaga inatakiwa ifunge kabisa. Sasa kale kampira ka ndani kakichanika unapata hasara pande zote, ukikanyaga upepo unavujia humo, ukiachia valvu haifunguki. Kompyuta itaonaje kitu kisicho na waya? Ikikwambia hakuna kosa haijasema uongo, ila haijui.

Nikaenda mwarobaini kweli, kwa hasira. Mzee mmoja wa Kigogo upande wa Chang'ombe, hana bango, na lazima usalimie mbukwenyi kwanza ndo uongee habari za gari. Wala hakunyonya, anasema utalamba oili bure. Akamtuma kijana duka la dawa alete bomba la sindano kubwa. Akachomoa ule mpira mdogo, akaziba mwisho wake mmoja na kidole, akavuta na bomba upande wa pili, ukashika, maana yake mpira wenyewe haujapasuka. Halafu akaunga bomba kwenye valvu. "Angalia mwanangu, nikivuta nikaachia, valvu ikiwa nzima hiki kijiti cha bomba kinarudi chenyewe. Kisiporudi, imetoboka." Akavuta, akaachia. Kikabaki palepale kama mtoto aliyesusa. Hela ya bomba la sindano ni ya soda, mi nilishaanza kuwaza kukopa kikoba ninunue turbo.

Valvu iliyotumika nikaagiza Ilala, laki na ishirini, ikaja na basi mpaka stendi ya Nanenane, akaipima kwa bomba lilelile kabla hajaifunga. Kijana wake akanishawishi niweke ile ya kumwaga upepo nje, ya pshuuu, eti inapendeza. Mzee akamkatalia, upepo huo sensa ya mbele imeshauhesabu, ukiumwaga nje injini inamwagiwa mafuta ya hewa ambayo haipo, unakohoa moshi mweusi kila ukibadili gia. Sasa hivi gari inavuta, ile ssss hakuna. Siyo kwamba mzee hana kasoro, aliniambia saa nne akatokea saa nane na hakuona haja ya kusema samahani, ila aah, huyo namsamehe.

Na kusema haki wale wa vigae waliwahi kunifungia breki vizuri tu, hawakuniibia, kwa hiyo kama ni breki nendeni. Nyota tatu basi. Hapana, mbili, maana nilirudi na valvu mbovu nikaiweka mezani nikadai elfu hamsini yangu ya kupima, akasema hela ya kupima hairudi mama. Umepima nini?! Akaona wateja wanageuka, akashusha sauti, akasema atanimwagia oili bure. Nikalainika kidogo, nikasema huyu naye ni mtu. Kumbe oili nije nayo mwenyewe! Na filta! Yaani bure ni kule kufungua nati. Nyota moja, na risiti ya EFD hajanipa mpaka leo.