Mota ya Kasi Mbili kwa Mashine ya Kukandia Unga: Tathmini ya Mtumiaji wa Kiwandani

Kwa kiwanda cha mikate kinachotumia umeme wa fezi tatu wa hezi 50, kama ulivyo wa Tanzania na Kenya, sijaona mota inayoifaa mashine ya kukandia unga kuliko mota ya kasi mbili ya muundo wa Dahlander, uliobuniwa na mhandisi Msweden Robert Dahlander mwaka 1897. Kasi ndogo huchanganya unga, maji na hamira bila kutimua vumbi, na kasi kubwa huukanda mpaka uvutike.

Ndani ya mota hii mna seti moja tu ya koili, yaani nyaya zilizosukwa kuzalisha sumaku. Ikiunganishwa kwa delta (koili zikifungwa kama pembetatu) hutoa poli nane, yaani ncha nane za sumaku, na ikiunganishwa kwa nyota mbili sambamba (koili zikikutana katikati) hutoa poli nne, hivyo uga wa sumaku huzunguka mara 750 au 1,500 kwa dakika, huku rota, sehemu ya mota inayozunguka, ikibaki nyuma kidogo. Hakuna kadi ya elektroniki ya kuharibiwa na joto la tanuri au vumbi la unga, na koili zikiungua, fundi mzoefu wa kusuka mota aliye na mchoro wake anaweza kuzisuka upya.

Tatizo kubwa liko kwenye utambuzi wa hitilafu. Mota yetu iliwahi kugoma kwenye kasi kubwa, na karakana moja ikatangaza kwamba imepiga shoti kwa sababu mita ilionyesha njia ya umeme kati ya vituo (sehemu za kufungia nyaya kwenye mota) 1U, 1V, 1W na vile vya 2U, 2V, 2W. Katika muundo huu njia hiyo lazima iwepo, kwa kuwa vituo vya 2 vimetolewa katikati ya koili zilezile. Ingekuwa dosari tu katika mota yenye seti mbili za koili zilizotenganishwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma kibati cha mota ili kujua ni aina ipi.

Baada ya hapo, zima umeme, ondoa nyaya zote kwenye vituo, kisha pima ukinzani kati ya vituo vya 1, jozi kwa jozi, na vilevile kati ya vituo vya 2. Koili zikiwa nzima, vipimo vyote sita hukaribiana sana, lakini tumia kipimo cha ukinzani mdogo, maana mita ya kawaida haiaminiki kwenye ukinzani ulio chini ya omu moja (omu ni kizio cha ukinzani). Malizia kwa mega ya volti 500, kipimo cha kuhakikisha umeme hauvuji, kati ya koili na bodi. Vipimo vikiwa sawa, iache mota na uhamie kwenye paneli ya swichi. Yetu ilikuwa nzima kabisa: kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) inayounganisha 1U, 1V na 1W pamoja wakati wa kasi kubwa ilikuwa imeungua ncha, na bila muungano huo mota hunguruma tu bila nguvu.

Kasoro zipo. Kasi ni mbili tu, mkondo wa kuanzia ni mkubwa, na kurudi ghafla kutoka kasi kubwa kwenda ndogo huishtua mikanda, kwa hiyo taima ya kuchelewesha ni ya lazima. Anayehitaji kubadilisha kasi hatua kwa hatua atafute inveta, kifaa cha elektroniki kinachobadilisha hezi za umeme.

Unaponunua, dai relei mbili za ovalodi (vifaa vinavyokata umeme mota ikizidiwa), moja kwa kila kasi, kwa sababu kasi hizo hazivuti mkondo sawa na relei moja iliyowekwa kwa mkondo mkubwa haiilindi mota kwenye mkondo mdogo. Kabla ya kulipa, iwashe mashine ikiwa tupu kwa kasi zote mbili na uhakikishe kwamba bakuli linazunguka upande uleule, kwa kuwa fezi zilizopishana kwenye kontakta moja huigeuza mashine katika kasi moja tu.